Shingo Nne za Mfalme

Baraza la Mbugakavu lilikuwa katikati ya kumsifu Mfalme pale mgeni alipoingia bila kutangazwa, vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye kope. Alipiga goti, kisha akainua macho juu, juu kabisa, mahali alipotarajia kuukuta uso wa Mfalme. Akakuta hewa tupu.

"Mfalme yuko wapi?" akauliza.

Wakubwa wakaangua kicheko. Kiboko, mfalme mpya, aliyekijaza kiti cha enzi mpaka kikalalamika, hakucheka.

Korongo, karani wa baraza, alimkazia macho. Alimtambua mgeni: ni Mhanga, fundi wa kuchimba. Alikuwa chini ya ardhi Mfalme Twiga alipofariki, wala hakuna aliyekumbuka kumpelekea habari. Hata Korongo hakukumbuka, na tangu msiba ule yeye mwenyewe alikuwa hana wa kuzungumza naye. Kilichombakia ni kigoda chake kando ya kiti cha enzi.

Katika nchi ile vipimo vyote vilitokana na mwili wa Mfalme. Kuleta fimbo ya kupimia kulikuwa sawa na kusema Mfalme hatoshi. Kwa hiyo Twiga alipotaka kisima, aliagiza kina cha shingo nne za Mfalme. Kikikamilika, Mhanga na jamaa zake wangepewa ardhi ya kando yake, waache kutangatanga. Korongo ndiye aliyeyapeleka makubaliano hayo.

"Shingo ya Mfalme yupi?" Mhanga alimwuliza siku ile.

"Kwani wako wangapi, ndugu yangu?" Korongo alicheka. "Chimba tu. Kukizuka utata, nitasimama nawe barazani."

Sasa Mhanga alikuwa amesimama peke yake.

"Kisima kimekamilika, Mtukufu," alisema. "Maji ni matamu. Wanangu wako njiani na mama yao. Naiomba ile ardhi."

Kiboko alikuwa ameshaipenda ardhi ile kwa kugaagaa. Akanyoosha shingo yake, yaani alijaribu. "Shingo zangu nne zinaishia wapi?"

"Kwenye vumbi, Mtukufu. Maji yako mbali zaidi."

"Basi umepita mpaka. Avukaye makubaliano ameyavunja."

"Nilipima kwa shingo ya marehemu."

Waziri Kicheche akaruka kutoka kitini. "Sema wazi, mchimba mashimo! Unadai shingo ya Mfalme wetu ni fupi?"

 Mhanga akayapima majibu mawili. Jibu la kweli lilikuwa kifungo, na jibu la uongo lingewalaza wanawe njiani.

"Nadai tuulizane ilikusudiwa ya nani," alisema hatimaye.

"Nani atakayesimama nawe?" Kiboko aliuliza, akavuta kibuyu na kunywa. Maji yalikuwa yametekwa asubuhi ile, kutoka kisima kile kile. "Yuko nani? Ajitokeze. Ila asimamaye upande wa mdai hana kiti kwangu tena."

Mhanga hakumtazama Korongo. Hilo ndilo lililomuuma karani: fundi alikuwa ameinamisha kichwa makusudi, asimlazimishe mtu kwa macho.

Korongo alikitazama kigoda chake. Kilikuwa kimechongwa na Twiga kwa kwato zake, kikiyumba kidogo upande mmoja. Kicheche alikuwa ameshakiwekea mguu.

Akainuka. Uwanja wa baraza ulikuwa mpana kuliko alivyowahi kuuona, na hakuna aliyempisha. Akafika, akasimama kando ya Mhanga.

"Makubaliano niliyapeleka mimi," alisema. "Yalikusudiwa ya Twiga. Fundi aliniuliza, nikamcheka."

"Watoeni wote wawili," Kiboko akasema. "Na ardhi ni yangu."

Nje jua lilikuwa kali. Kwa mbali, kwenye njia ya kaskazini, vumbi jembamba lilikuwa linakuja: mama na wanawe. Mhanga akayakaza macho.

"Nilidhani umesahau," akasema.

"Nilitamani kusahau."

Mhanga akasogea, akampa nafasi katika kivuli chake kidogo. Kisha wakaanza safari kuelekea lile vumbi, kuwaambia.