Ndizi ya Mpiga Picha

Hapana, habari hii haikuanzia tumboni. Watu husema hivyo kwa sababu tumbo ndilo lililoleta maneno, lakini yenyewe ilianzia kwenye kidole. Mizani alikuwa amekaa pale pake, kwenye kile kiti cha chuma kisicho na mgongo, anapima unga wa ubuyu gramu mia mbili, anamimina kwenye kopo, anamsukumia Mama Lebo abandike karatasi. Akaona kidole chake cha shahada kimekuwa kama chupa. Mfupa ule pale, mshipa ule pale. Akakifuta kwenye aproni. Kikabaki vile vile. Akapima kopo lingine, maana makopo hayangoji kidole.

Mizani si jina alilozaliwa nalo. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwa na mkono usiokosea. Akichota, kimetosha. Mashine ilikuwa inamthibitishia tu.

Kwenye kopo waliandika hivi: "Tunda la Afrika. Hung'arisha ngozi, hutuliza tumbo." Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Na ni kweli, wateja walioshika masharti walipata ngozi nzuri, tumbo likaacha kuguruma, wakarudi kununua. Sasa wale akina mama wa chumba cha kufungia makopo hawakuwa na masharti. Zamani kulikuwa na mpishi pale, anawapikia maharage mchana. Meneja akasema harufu ya maharage inaingia kwenye unga, mpishi akaondoka na masufuria yake. Tangu hapo wakawa wanalamba unga. Vijiko vitano, kikombe cha maji juu yake, unavimba humo ndani, njaa inalala kama mtoto aliyedanganywa. Asubuhi hivyo, mchana hivyo, jioni kabla ya kutoka hivyo hivyo.

Basi mtu akila dawa ya kung'arisha ngozi vijiko kumi na tano kwa siku, mwaka na nusu, atang'aa. Kidole kikafuata kidole, mkono ukafuata mkono, na kabla mvua hazijaanza Mizani na wenzake wote saba walikuwa wameng'aa mpaka tumboni. Nguo hazikusaidia. Blauzi zilizofuliwa mara mia hupitisha kilichomo kama pazia linavyopitisha taa. Ukisimama mbele ya Mama Lebo uliliona tumbo lake limekaa pale, jeupe kidogo kwa unga, halina kitu kingine.

"Nitazame vizuri," Mama Lebo akasema. "Ukiona hata punje ya wali, niambie, nijue nilikula lini."

Wakacheka, wakaendelea na kazi.

Mizani hakucheka sana. Yeye alikuwa na lake nyumbani, na lake lilikuwa begi.

Ngoja niliseme hilo begi. Baba mkwe wake alikuwa mstaafu wa posta, mzee safi, aliyechambua barua miaka thelathini na hakuwahi kufungua hata moja ya mtu. Mkewe alipofariki, akaja kukaa kwa mwanawe. Siku ile ile ya kwanza, hajavua hata viatu, akasimama katikati ya sebule akasema, "Wanangu, mimi mzigo najijua. Siku nitakayojua kuna mtu humu analala na njaa kwa ajili yangu, nachukua begi langu." Akalitundika nyuma ya mlango, begi la turubai la posta, na likakaa hapo. Angekwenda wapi? Hakuna aliyeuliza. Lakini mzee yule hakuwa mtu wa kusema neno akalirudisha.

Sasa nyumba ile ilikuwa na watu watano na sufuria la watu watatu. Mume wa Mizani alikuwa fundi saa, na siku hizi nani anatengeneza saa? Alikaa kwenye kibanda chake kutwa, amezungukwa na saa za watu waliosahau kuzirudia, akirudi amechoka kwa kutofanya kazi, na uchovu huo ni mbaya kuliko ule mwingine. Wifi mtu naye alikuwapo, aliachika, akaja kwa wiki moja tangu mwaka juzi. Na Kitinda, binti wa miaka sita. Kila jioni Mizani alipakua: baba mkwe, mume, wifi, mtoto. Kijiko kikigonga chini, anasema, "Mimi nimeshakula kazini. Kule wanatushibisha." Anabeba sufuria kwenda kulisugua. Mkono usiokosea, nilikwambia. Sufuria liligawanyika kwa wanne bila kubaki tone.

Tumbo lilipoanza kung'aa, akaanza kupakua akiwa amewapa mgongo. Kisha akawa anapakulia jikoni, sahani anazipitisha mlangoni kwa mkono mmoja.

"Wifi siku hizi anatuhudumia kama wafungwa," wifi akasema.

"Jiko lina moshi," Mizani akajibu. "Sitaki uwaingie."

Wakakaa hivyo siku tisa. Ya kumi, meneja akaingia chumba cha kufungia pamoja na mpiga picha. Aliwatazama wale akina mama mmoja mmoja, akaridhika. Ndivyo ngozi inavyotakiwa kuwa, akasema, na sasa dunia itaona kwamba kopo halisemi uongo. Mpiga picha akaweka jicho kwenye kamera, akalitoa.

"Meneja, ngozi nzuri. Lakini haya matumbo hayana kitu."

Meneja akafikiri. "Ni kweli. Tumbo tupu haliuzi dawa ya tumbo."

Akatuma ndizi. Ikaja chane moja, wakagawiwa moja moja.

"Leo tumealikwa na mpiga picha," Mama Lebo akasema, na yake ikaisha kabla hajamaliza kusema.

Mizani aliitia yake kwenye mfuko wa aproni. Kitinda alipenda ndizi. Wakapangwa mstari, kila mmoja ameshika kopo usawa wa kifua, ndizi inaonekana chini ya kopo, na mpiga picha akanyoosha kidole. "Yule wa mwisho hana kitu."

"Mama, ndizi yako iko wapi?" meneja akauliza, kwa upole kabisa.

"Mfukoni."

"Ya mfukoni haitokei."

Akaimenya. Mama Lebo akamnong'oneza, "Usitafune, shoga yangu. Meza vipande. Itadumu."

Na hapo ndipo Mizani alipopata akili. Akaikata vinne, akavimeza kimoja kimoja kama vidonge, vikashuka, vikapangana humo ndani vizuri, ukiviona unasema hii ni ndizi. Picha ikapigwa. Kesho yake meneja aliwapa aproni mpya, nyepesi zaidi. Mpishi hakurudi.

Lakini jioni ile ya picha Mizani alitoka kazini akitembea kama aliyebeba mayai. Hakunywa maji. Hakulamba unga wa jioni. Kwenye ngazi za daraja alipumzika mara mbili, maana ukitembea haraka tumbo nalo linafanya kazi. Kila penye dirisha la duka alijitazama kwenye kioo. Ndizi ipo. Imelegea pembeni, lakini ipo.

Akapika. Mara hii hakupakulia jikoni. Alileta sufuria sebuleni, akasimama chini ya taa, akawageukia.

Wakamtazama wote.

"Mama ana ndizi," Kitinda akasema.

"Ahaa!" wifi akadakia. "Kumbe wenzetu wanakula matunda huko, sisi huku tunahesabiana maharage. Hongera, wifi. Ungekuja hata na ganda tulinuse."

"Nyamaza wewe," fundi saa akasema, lakini kwa sauti ya mtu aliyechoka hata kugomba.

Mzee wa posta alivaa miwani. Akamtazama mkwewe kama alivyotazama anwani iliyofutika, taratibu, juu mpaka chini. Aliiona ndizi. Aliona na pembeni ya ndizi, na nyuma yake, na chini yake, kote kulivyokuwa kweupe na kutupu, na mbavu zilivyosogeleana. Akainuka. Akaenda mpaka mlangoni, akalishika begi, akalitoa kwenye msumari. Lilikuwa na vumbi. Alisimama nalo kitambo. Nje kulikuwa na barabara ile ile, na magoti yake yalikuwa yale yale.

"Mama," akamwambia Mizani, bila kugeuka. "Leo umekula?"

"Nimekula, baba. Si unaona mwenyewe?"

"Kazini?"

"Kazini. Wanatushibisha."

Saa zote ambazo fundi alizileta nyumbani ziligonga kila moja kwa wakati wake.

"Basi nimeona," mzee akasema.

Akalirudisha begi kwenye msumari. Likaning'inia vibaya kidogo, akalinyoosha.

"Sote tumeona," fundi saa akasema. Akavuta mkeka katikati, na alipokuwa anauvuta akamwambia mkewe, macho yake yakiwa chini, "Kesho kutakuwa na baridi. Uvae lile koti langu zito."

Ulikuwa msimu wa joto. Hakuna aliyesema hivyo.

"Chakula kinapoa," Mizani akasema.

Akapakua: baba mkwe, mume, wifi, mtoto. Kijiko kikagonga chini. Na kwa kuwa siku hiyo hakuwa na cha kuficha, hakwenda kusugua sufuria. Alikaa nao. Kitinda akampa harage moja mdomoni ili alione likishuka, na likashuka, likakaa pembeni ya ndizi kama mgeni asiyejua akae wapi. Mtoto akafurahi. Wengine waliinamia kila mtu sahani yake, na wote wakala.