Somo Lililoshuka Mara Moja

Mama Fundi alikuwa akipangusa vumbi kwenye kompyuta yake kuukuu, katika kijichumba cha kando ya darasa kilichokuwa stoo ya mafagio. Chuo cha wakunga kilikuwa na dishi moja tu la setilaiti, na mtandao wake ulitambaa. Zamani kila mwanafunzi alijivutia somo lake kutoka angani, na jioni ikawakuta hakuna aliyelipata. Mama huyu akaokota mashine iliyotupwa, akaifufua, akaigeuza ghala: mmoja akifungua somo, linabaki humo, na wengine wanalichota hapo hapo bila kulisumbua dishi. Sharti lake lilikuwa moja. Wa kwanza anapofungua, wengine mikono mapajani.

Asubuhi hiyo wa kwanza alikuwa Shangazi. Wenzake walimwita hivyo kwa kuwa aliwazidi umri wote. Alishaanguka mtihani wa vitendo, na wa kesho ulikuwa wa mwisho kwake. Akishindwa, anarudi kijijini bila cheti. Video ilionyesha namna ya kumzalisha mama ambaye mtoto wake ametanguliza makalio. Ilishuka kwa kusuasua, darasa zima likimtazama yeye anayetazama.

Ndipo akaingia Afisa Vifaa na wapagazi wawili. Alieleza kwamba makao makuu wanataka kompyuta ya kuweka mapokezi kwao, na hii imeonekana bado nzima. Mama Fundi akamwambia kuwa huko makao makuu mtandao unakimbia, hawana haja ya ghala. Akaomba wangoje hadi mtihani upite.

"Mama, mimi ni wa kutumwa tu," alisema Afisa. "Wamesema leo."

"Basi leo, mwanangu. Lakini hii haizimwi kama taa. Kaa kitini."

Alianza kukunja nyaya, moja moja, kama anayekunja nguo za mtoto mchanga. Uliokunjwa vibaya aliukunjua, akaanza upya. Afisa alitazama saa, akapiga miayo, akauliza kama kuna chai. Hapakuwa na chai. Waya wa umeme na ule wa dishi Mama Fundi hakuzigusa mpaka Shangazi alipoinua kichwa na kusema, "Imekwisha."

Wapagazi wakaibeba. Wanafunzi wakajaribu kufungua video wenyewe; kila kioo kikabaki na kiduara kinachozunguka. Kijana wa nyuma akasema angalau Shangazi mwaka huu amewapiga chenga. Wachache wakacheka, kicheko kikavu.

Shangazi hakucheka. Angeweza kukaa na somo lake peke yake hadi kesho. Hakuna ambaye angemlaumu. Alifungua kabati, akatoa mwanasesere wa mazoezi na mfuko wa nguo uliotumika kama tumbo, akaviweka mezani.

"Njooni," alisema. "Mtoto havutwi. Mnangoja mama asukume, mikono yenu inapokea tu. Wewe mwenye maneno, anza. Mikono yako iko wapi?"

Kijana akaanza, akakosea, akarudishwa mwanzo. Alipopata, Shangazi alimwambia amwelekeze anayefuata, yeye akasimama kando kusikiliza kama kuna neno limedondoka. Meza ilikuwa mbovu, ikicheza kila mtoto alipozaliwa. Mama Fundi akaja, akapiga magoti, akaushika mguu wa meza kwa mikono yote miwili, wakaendelea.