Kijiko cha Magadi

...na tumbo lenyewe leo limenyamaza, ajabu, limenyamaza siku ya kushtakiwa, na Eveline amesimama jikoni, kijiko cha maji ya magadi kiko juu ya sufuria ya maharage, anauliza, "Mama, nitie sasa?" na Rozalia, kwenye kigoda chake, upindo wa kitenge mdomoni kama kawaida, jibu analo tangu asubuhi, amelileta kutoka kliniki pamoja na vidonge, ila unaanzia wapi kumwambia mtoto aliyekuzika na kukufufua... siyo, hajazikwa bado, aliyezikwa ni Kasian, mumewe, kule chini ya Mlima Meru walikoishi miaka yote ya ndoa, wakinywa maji ya kisima maangavu, matamu, nani angeyashuku, ng'ombe wanakunywa, padri anakunywa, meno yakageuka rangi ya chai, Rozalia akirudi kwao Iringa kusalimia shangazi zake wanacheka, naye ndipo alipojifunza kucheka na nguo mdomoni, lakini meno yanaonekana, tumbo nani analiona? kujaa upepo, kuunguruma katikati ya misa, kichefuchefu kila asubuhi, naye ana miaka hamsini, hata Kasian akamnong'oneza kwa furaha, "Mama Eveline, ndiyo lile ninalofikiri?" Mungu amrehemu, mwanamume yule alikuwa na matumaini... kisha msiba, na Eveline akaja kumchukua, njoo Mbeya mama, njoo kwangu mtaa wa Soweto, maji yetu ya huku hayana neno, na kweli hayana neno, ila tumbo likaendelea vilevile, na Eveline akazidisha mapenzi, anaamka alfajiri, anapika maharage yanayoyeyuka mdomoni, "mama ana tumbo bovu, yasimsumbue," anawaambia majirani, na magadi kila siku, magadi zaidi, mpaka leo daktari, binti mdogo tu, alipomuuliza, "Maji umeacha, sawa bibi, na maharage mnapikia nini?" "Magadi, mjukuu wangu, yalainike," na yule binti akaweka kalamu chini, "Bibi, magadi nayo yana floraidi, ileile ya kisima chenu iliyogeuza meno, ikiingia miaka na miaka inachubua ukuta wa tumbo, acheni magadi, lowekeni maharage usiku, meno hayatarudi, lakini tumbo linaweza kurudi..." linaweza kurudi! njia nzima alitembea akilirudia, kisha akafika mlangoni akasikia harufu ya maharage, akanyong'onyea, kikulacho ki nguoni mwako, wahenga wamesema, basi wahenga hawakuwa na binti kama huyu, ukimwambia atasikia nini? atasikia, umenilisha sumu, na atalia, Eveline akilia analia wiki... "Mama, umelala hapo? Nitie au nisitie?" na nani alimfundisha magadi, kama si yeye mwenyewe, Rozalia, akamshika mkono akiwa mdogo, hivi mwanangu, kidogo tu, baba yako asitafune sana, na yeye alifundishwa na mama yake, wote wanalainishiana, wote wanapendana kwa kijiko kilekile, basi hapa hakuna wa kushtakiwa, hata mmoja, na Rozalia anahisi raha inampanda taratibu, raha ya kweli, maana maisha yake yote alilainishia watu chakula, na huyu ndiye wa kwanza kumlainishia yeye, jambo hilo magadi hayawezi kuliondoa, maharage yatachelewa, na yachelewe, mkaa upo, wali wa mchele wa Chimala utangoja kwenye hotpoti, atayatafuna hivyohivyo magumu kwa meno yake ya rangi ya chai, ataanza na hilo, atamwambia, mwanangu, kimwage, uje ukae hapa karibu yangu, nina habari njema ya tumbo langu, na kijiko bado kiko palepale juu ya mvuke, Eveline bado anamtazama, na Rozalia anashusha kitenge kutoka mdomoni, anacheka, meno yote nje.