Valvu ya Pili

Nyumba ile ilikuwa na mafundi wawili na mlango mmoja. Upande wa dirishani alikaa mke na cherehani yake. Upande wa pili alikaa mume na meza yake ya redio na amplifaya, na katikati yao palining'inia pazia ambalo halikuwahi kufungwa hata siku moja. Mteja akiita, "Hodi, fundi," wote wawili waliitikia "Karibu" kwa pamoja, kisha wakatazamana na kucheka. Mzaha huo ulikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na wala haukuwa mzuri kiasi hicho, lakini ulikuwa wao.

Siku hizi mke aliitikia peke yake. Kwa miezi kadhaa mume alikuwa kama mtu aliyejitia pamba masikioni. Akiitwa kula, kimya. Akiulizwa kama amekunywa dawa yake ya presha, kimya, amempa mkewe mgongo na moshi wa lehemu unapanda juu ya kichwa chake. Lakini akiingia mteja mwenye sauti nene, hapo mzee alikuwa na maneno mpaka ya akiba. Hilo ndilo lililomchoma mke. Angewanunia watu wote, angesema ni uzee. Kununiwa yeye peke yake kulikuwa na maana moja tu, kwamba amechokwa.

Akakata shauri. Binti yao alikuwa akimwomba kila mara aende kukaa naye. Mara mbili mke alisema, akiwa ameinamia kitambaa, "Mume wangu, Jumamosi nakwenda kwa binti yetu, na sijui nitarudi lini." Mara mbili hakupata hata mguno. Basi begi likashushwa kutoka juu ya kabati, likakaa chini ya meza ya kukatia nguo likiwa limejaa nusu.

Alhamisi asubuhi aliingia mpiga gitaa mmoja waliyezoea kumwita Vidole, gitaa mgongoni, amekumbatia amplifaya yake kama mzazi aliyebeba mtoto mwenye homa. Ilikuwa mara ya tatu kuirudisha.

"Kaka, bado inalia," alisema kwa sauti yake nzito. "Nikigusa nyuzi nyembamba tu, inatoa mlio kama mbu. Haunyamazi."

"Nimekubadilishia valvu zote mbili kubwa," fundi alijibu, na uso ukamkunjamana. "Mpya, pacha, nimezipima mwenyewe. Kaa hapo uone."

Akafungua mgongo wa sanduku na kuwasha. Zile valvu, taa za kioo, kubwa mbili na ndogo tatu, zikaanza kupata rangi taratibu. Kubwa ndizo zinazosukuma spika, na zikiumwa huonekana kwa macho, bati lililo ndani ya kioo huiva likawa jekundu. Fundi akainama, akazitazama. Zilikuwa na mwanga mdogo, uliotulia.

Ndogo hazikaguliwi kwa macho. Hizo hupokea sauti ya gitaa kwanza, na ikiwa kuna kilicholegea ndani hakionekani, husikika. Fundi akachukua penseli, akaigeuza upande wa kifutio, akagonga kioo cha kila moja kama alivyofundishwa ujanani. Iliyo nzima hutoa kishindo kidogo tu kwenye spika. Mbovu hulia kama kengele.

"Hii nzima," alisema. "Hii nzima. Na hii nzima."

Kwenye ile ya pili, mke aliacha kukanyaga cherehani. Mlio mwembamba ulitoka kwenye spika ukamwingia mpaka kwenye meno. Vidole alikunja uso, akaziba sikio. Fundi alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umeona? Labda ukapimwe masikio, bwana mdogo."

Vidole akamtazama mke. Mke akautazama ule mgongo alioulaumu miezi yote hiyo. Akainuka taratibu, akasimama nyuma ya kiti cha mumewe.

"Mume wangu," alisema kwa sauti yake ya kawaida, ambayo tangu usichana ilikuwa nyembamba. Kimya. "Mume wangu, nyumba inaungua." Kimya. Vidole akafungua mdomo, mke akamnyooshea kidole cha onyo. Kisha akakohoa, akaivuta sauti kutoka tumboni, nzito kadiri alivyoweza. "Mume wangu!"

Fundi akageuka papo hapo. "Naam? Mbona unaniita kama askari?"

Mke alitaka kucheka, machozi yakawahi. Akayafuta kwa ncha ya kanga, akavuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe, uso kwa uso.

"Wewe gonga," alisema kwa sauti ile ile nzito. "Mimi nikisikia inalia, nitanyanyua kidole."

"Mambo gani haya, mama watoto?"

"Gonga tu."

Akagonga ya kwanza. Mikono ya mke ilitulia mapajani. Akagonga ya pili, na kidole kikapanda. Akagonga ya tatu, kikashuka. Akarudia ya pili, kikapanda tena. Fundi akamgeukia Vidole, naye akaitikia kwa kichwa, macho yake yako sakafuni.

"Inalia?" fundi aliuliza.

"Inalia."

"Sana?"

"Mpaka meno yananiuma."

Fundi akanyoosha mkono kwenye swichi. Akazima, akachomoa waya ukutani, akasubiri kioo kipoe. Alipoifunga valvu kwa kitambaa na kuichomoa wima, mkono ulikuwa ule ule wa siku zote. Akatoa nyingine kwenye kopo, akalinganisha miguu yake na matundu, akaikandamiza. Akawasha, ikapata moto, akagonga. Kidole hakikupanda. Vidole akachomeka gitaa, akapiga nyuzi nyembamba kabisa, na fundi hakuitazama amplifaya. Alimtazama mkewe usoni mpaka alipouona umetulia.

Vidole aliondoka akijifanya ana haraka.

"Mimi nilidhani umeacha kusema na mimi," fundi alisema baadaye, penseli bado iko mkononi. "Nilikuwa naona mdomo wako unakwenda, nikafikiri unahesabu mishono. Nikasema, basi, amenichoka, nisimsumbue. Na lile begi nimeliona tangu Jumatatu."

"Mbona hukuuliza?"

"Niliogopa jibu."

Mke akamshika uso kwa mikono miwili. "Nilikwambia mara mbili," alisema.

"Niambie ya tatu."

"Jumamosi nakwenda kwa binti yetu."

"Na utarudi lini?"

"Jumapili. Jumatatu tunakwenda hospitali, wakuangalie hayo masikio."

Alikuwa bado amemshika uso waliposikia hodi, au tuseme alipoisikia mke peke yake. Ilikuwa sauti ya msichana, nyembamba, naye amesimama mlangoni na gauni la kupunguzwa. "Hodi, fundi."

Mume hakutikisika. Mke akanyanyua kidole.

"Karibu," waliitikia, mume akiwa amechelewa kidogo.