Moshi wa Ijumaa

"Chochea moto, shemeji, maneno yaache," Alamin aliniambia. "Tunawasaidia."

"Msaada gani wa kufichwa nyuma ya tangi langu la maji?"

Asubuhi aliniomba aegeshe lori uani kwangu, hapa Ukunda. Alisema lina saruji. Sasa, akiwa na kanzu yake ya msikitini, ndipo ananiambia ni la kuwapeleka Kinango watu wanaolala kwenye baraza za maduka. Alamin ni mdogo wake marehemu mume wangu, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya wenye maduka. Msimu wa watalii umekaribia, na kamati haitaki waonekane mjini.

Kila Ijumaa mimi hupika wali wa sadaka. Simwiti mtu. Wasio na makao huuona moshi kutoka stendi, wakaja na vibakuli vyao. Kamati iliutaka moshi huo uwe chambo.

"Huko Kinango nani atawapokea?"

"Watapokelewa."

"Nitajie jina lake."

"Wewe na diploma yako, unahoji kama polisi."

"Mwero, yule alalaye stendi, mlimchukua mwezi uliopita. Amerudi kwa miguu, nyayo zimechanika. Mliwashusha vichakani, hapana nyumba wala tone la maji. Walikuwa watano, Alamin. Wanne wako wapi?"

Akatazama saa. "Pakua. Wanakuja."

Kweli, lango lilikuwa likigongwa. Biasha aliingia, mwanawe mgongoni. Tangu masika analala barazani kwangu.

"Shikamoo, Mama Ikram. Wenzangu wako njiani."

"Marahaba."

Mtoto akakohoa. Chini ya turubai la lori mtu naye akakohoa, kisha akajizuia.

"Saruji yako ina kifua, shemeji," nikasema. "Iko mifuko mingapi humo, ya kuwakamata hawa?"

Alamin alikuwa akimtazama Biasha, na Biasha alikuwa ameanza kurudi nyuma.

Nikamwaga ndoo ya maji motoni. Moshi ukafuka mara moja, ukakatika. Nikaipua sufuria.

"Biasha, chukua tambara hili, shika sikio la huko."

"Twaenda wapi?"

"Kwa wenzako, kabla hawajafika hapa. Leo mtaniambia wenyewe mnataka msaada gani."

"Shemeji," Alamin aliita. "Usinitie aibu."

Tukatoka. Ua wangu una lango moja tu, la chuma. Nililivuta, nikatia kufuli kwa nje, ufunguo nikautia kifuani. Tulipoinua tena sufuria, injini ya lori iliwaka ndani. Tukaongeza mwendo.