Chumba cha Kusikilizia

Mvua za El Nino zilipokwisha na kuiacha barabara ya Msambweni mashimo matupu, Biasha alipata kazi ya kushona mapazia meusi. Alikuwa fundi cherehani, na kwa muda mrefu riziki yake ilitoka mahoteli ya Diani: mashuka, vitambaa vya meza, sare za wahudumu. Lakini tangu zile vurugu za Likoni wageni walikuwa wameadimika na hoteli nyingi zimefunga milango, kwa hiyo kazi ilipokuja aliipokea kwa mikono miwili. Tumbo lake lilikuwa limeshachomoza. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia kabla ya hii, na hii ilikuwa imekaa.

Aliyeagiza mapazia alikuwa mwanamke wa bara aitwaye Immaculate, msanii, aliyekuwa amekodi duka la vinyago lililoachwa wazi na mwenyewe huko Diani.

"Hizo pazia nataka zikuwe nzito kabisa," alisema. "Mwangaza usiingie hata kidogo."

"Unasafisha picha humo?"

"Hapana. Hakuna kitu ya kuangalia. Watu wataingia, wakae chini kwa giza, wasikize."

Biasha alicheka. "Wasikilize nini, dada?"

Immaculate alimvuta karibu. Alimvisha hedifoni na kubonyeza kinasa sauti chake. Biasha akasikia pampu ya maji ya Kinango ikivuta hewa, ikikoroma kama mgonjwa. Akasikia ndoo zikisogezwa kwenye foleni, na mwanamke mmoja akijisemea pole pole maneno yasiyoshikika. Baadaye akasikia wanawake wa Bodo wakipasua chaza, na matope ya mikoko yakinyonya miguu yao. Alipozivua zile hedifoni, soko la Msambweni lilimjia masikioni kwa kishindo, kana kwamba mtu alikuwa amelifungulia ghafla.

"Kumbe haya yote huwa yapo," alisema.

Hapo ndipo Immaculate alipoomba. Alitaka sauti ya moyo wa mtoto ambaye hajazaliwa, ili mtu akikaa gizani aanze na hiyo kabla ya zingine zote. Kulikuwa na kliniki Ukunda yenye kile kidude kinachotoa mapigo nje ya tumbo. Biasha alifikiri angemwuliza mumewe kwanza, lakini Alamin alikuwa seremala, na majuma hayo alikuwa Wasini akipaua nyumba ya mtu. Akajiambia atamweleza akirudi.

Walikwenda asubuhi. Muuguzi alimpaka mafuta ya baridi, akazungusha kile kidude huku na huku. Kwanza ulisikika mvumo mtupu. Halafu moyo ukatokea, wa haraka, wenye bidii, kama mtu aliyechelewa kazini. Biasha alicheka kwa sauti, hata tumbo likatikisika na ule moyo ukapotea, ikabidi utafutwe upya.

"Ndiye huyo?" aliuliza.

"Ndiye yeye," alisema muuguzi.

"Mbona ana haraka hivyo?"

Immaculate alikuwa ameshika kinasa sauti kwa mikono yote miwili, machozi yamemlenga.

Alamin aliporudi kutoka Wasini alimkuta mkewe amejaa habari hiyo. Hakukasirika. Alimwekea sikio tumboni, akabaki hapo kitambo, kisha akasema hasikii ila njaa. Wakacheka. Yeye alikuwa na maandalizi yake: kila akitoka msikitini alikuwa akijaribu adhana kwa sauti ya chini, ile ya kumsomea mtoto sikioni akishazaliwa, kwa sababu alisema hataki neno la kwanza analolisikia mwanawe liwe na mikwaruzo.

Uchungu ulimshika Biasha mchana wa Jumatatu. Hospitalini alipokelewa na mkunga aitwaye Kache, mama wa makamo mwenye mikono mikubwa. Kache aliweka bomba lake la mti la kusikilizia mtoto juu ya tumbo na kuinamisha sikio. Akalisogeza. Akalisogeza tena, upande wa chini, akafumba macho. Biasha aliutazama uso wake kama mtu anayesoma.

"Unamsikia, mama?"

"Ngoja kwanza, mwanangu."

Kache alimwita mwenzake. Huyo naye akainama, akasikiliza, akawataka wanawake wa vitanda vya jirani wanyamaze. Wodi nzima ikanyamaza. Muuzaji wa maji ya kunywa alipita nje akiita wateja, na Biasha akamchukia mtu huyo kwa chuki ambayo hakuwahi kumchukia mtu yeyote.

Mtoto alizaliwa jioni, wa kike, mzima wa viungo vyote, nywele zimejaa kichwani. Kache alimsugua mgongo, akamfuta kinywa, akampulizia. Wote walikuwa wakisikiliza. Hapakuwa na cha kusikia.

Alamin aliruhusiwa kuingia. Alipiga magoti kando ya kitanda, akampokea mwanawe katika kanga, akalisogeza sikio lake la kulia karibu na mdomo wake. Kisha akakumbuka. Midomo yake ilibaki wazi kidogo, na alimtazama Biasha kama anayeuliza aiweke wapi sauti aliyokuwa ameiandaa.

Nyumbani, Maalim Abdurahman wa msikiti wao alimwita shangazi yake Biasha pembeni na kuuliza kwa upole, "Alilia? Hata kidogo? Hata kupiga chafya?" Shangazi akatikisa kichwa. Kwa hiyo mtoto alioshwa, akavishwa sanda, akaitwa Fauzia, akazikwa. Hakuswaliwa, maana hakutoa dalili ya uhai. Biasha aliyasikia yote hayo kutoka chumbani. Alitaka kutoka awaambie kwamba yeye alimsikia, kwamba alikuwa na dalili, tena ya haraka, yenye bidii. Lakini alibaki pale kitandani.

Arobaini ilipokwisha alikwenda Diani. Hakumwambia mtu. Immaculate hakuwa na habari yoyote. Siku zile alikuwa Nairobi akitafuta vyombo, na maonyesho yake yalikuwa yamefunguliwa juzijuzi tu. Alimwona Biasha mlangoni, akatupa macho tumboni, kisha mgongoni alikotarajia kuona mtoto. Uso ukamwanguka.

"Biasha. Walai sikujua. Naizima saa hii."

"Usizime," alisema Biasha. "Nipishe nikae."

Mapazia aliyoyashona mwenyewe yalifunga nyuma yake. Akakaa kwenye mkeka. Kwanza ulikuja ule mvumo, kisha moyo, ukijaza chumba kizima, ukimpitia kifuani na miguuni. Halafu kikaja kicheko. Hakujua kwamba nacho kilinaswa. Alikisikiliza kicheko cha mwanamke yule asiyejua lolote, akajifunika uso kwa mtandio. Mgeni mmoja wa kizungu, mzee, alikuwa amelala usingizi ukutani, mdomo wazi, na Biasha hakuona ubaya wowote. Aliona mtoto wake amepata mtu wa kumbembeleza usingizi.

Akawa anakwenda. Alimwambia Alamin anafuata kazi za hoteli. Aliketi mpaka moyo upite, uingie uleule mkoromo wa Kinango, waingie wanawake wa Bodo, urudi tena mwanzo. Cherehani lake lilishika vumbi.

Mji haukosi macho. Alamin akaambiwa mkewe huingia chumba cha giza Diani. Alimngoja barazani alasiri moja, na alipofika hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Ni kweli wanayosema?"

"Wanasema nini?"

"Kwamba unakwenda kumsikiliza maiti pamoja na wazungu."

"Nakwenda kumsikiliza mzima," alisema Biasha. "Mle ndani ni mzima. Twende nawe. Twende kesho. Wewe hukuwahi kumsikia hata mara moja."

Alamin alisimama kama aliyepigwa. "Tulimzika, Biasha. Mimi ndiye niliyeshuka kaburini. Ukishamsikia, kisha iweje? Urudi hapa kila siku umzike upya?" Akaondoka, akaelekea msikitini kabla hata ya wakati wa swala.

Siku iliyofuata Biasha alipoingia chumbani alipokewa na pampu ya Kinango. Alingoja. Wakaja wanawake wa Bodo, wakaja wengine, ikarudi pampu. Aliyasukuma mapazia akatoka nje kwenye jua. Immaculate alikuwa ameketi kwenye kizingiti, macho mekundu.

"Alikuja asubuhi," alisema. "Baba ya mtoto. Aliitisha kanda zote, ile ya kwanza na nakala. Ningemwambia nini? Ni baba."

"Na mimi?"

"Biasha..."

"Hukuniuliza mimi. Siku ile akiwa tumboni uliniuliza. Leo hukuniuliza."

Immaculate akaanza kulia, lakini Biasha akampita. Alirudi Msambweni, akamkuta Alamin anapiga randa ubao, vumbi la mbao limemjaa ndevuni.

"Ziko wapi?"

"Nimezichoma."

"Ulisikiliza kwanza?"

Randa ikasimama. "Hapana."

"Hata kidogo?"

"Ningesikiliza nisingeweza kuzichoma," alisema Alamin.

Biasha hakupiga kelele. Aliingia ndani, akajilaza, akageukia ukuta. Shangazi yake alikuja na uji, maalim akaja na nasaha, na watu walitarajia ataomba talaka au aende kwao. Hakuenda. Wakaishi hivyo, wakipishana mlangoni kwa adabu kama wapangaji, salamu zikiulizwa na kujibiwa. Immaculate alifunga chumba chake akarudi Nairobi. Alipita kuaga, na Biasha alimpa mkono.

Mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza kudondoka Alamin alipokuja kuketi karibu naye uani, asubuhi ya Ijumaa, Biasha akichagua mchele. Hakuwa amefanya hivyo tangu yale mambo. Alitazama chini.

"Ulikuwa ukipiga vipi?" aliuliza.

Biasha alielewa ni moyo anaouulizia. Hasira ilimpanda, akataka kumwambia, leo ndiyo unauliza? Lakini alimwona shingo ilivyokonda, na mikono aliyoilaza magotini kama si yake. Akaweka ungo chini. Akaushika mkono wake, akaugeuza kiganja juu, akaanza kumgonga kwa vidole viwili.

Akasita. Akagonga tena, upesi zaidi. Kisha pole pole kidogo.

"Sivyo," alisema.

"Ulikuwa wa haraka kuliko hivi?"

"Ngoja." Alifumba macho, akatafuta. Alianza upya, akaacha, akaanza upya.

"Jaribu tena," alisema Alamin. Sauti yake ilikuwa imekatika. "Tafadhali, Biasha."

"Umenitoka," alisema. "Ulikuwapo, nilikuwa nao. Umenitoka."

Alamin alifumba kiganja juu ya vidole vyake. Wakakaa hivyo, bega kwa bega, na kuku wakasogea mmoja mmoja mpaka kwenye ungo, wakaanza kudonoa mchele, na hakuna aliyewafukuza.