Jembe Halishikwi

Mwalimu Athanas alikuwa na sheria yake pale shuleni Didia, na ole wako uivunje. Kazi unayoifanya kila siku waweza kuisema umekaa zako kwenye dawati: I sweep, I cook, I dig. Lakini ukitaka kusema unaifanya sasa hivi, simama, shika kifaa, uifanye kweli mbele ya watu, ndipo useme I am. Kusema I am mikono mitupu kwake ulikuwa uongo, na uongo ulikuwa na fimbo yake.

Limi aliipenda sheria ile kuliko wote. Alifagia kwa Kiingereza, akatwanga kwa Kiingereza, mpaka wenzake wakambandika jina la Memsahibu. Mwaka ule wa hamsini na tatu mkaguzi Mzungu alikuwa anakuja kuchagua msichana mmoja wa kwenda shule ya bweni, na hakuna aliyebisha kwamba ni yeye.

Wiki ile ile ya ukaguzi kaka yake, Mihayo, akafukiwa na kifusi katika machimbo ya dhahabu huko Geita. Akaletwa kwa lori, akazikwa nyumbani. Na kule Usukumani, matanga yakiwa hayajaanuliwa, jembe halishikwi, si na wafiwa, si na majirani. Anayelima anaita kaburi la pili. Mwalimu Athanas alikuwa mtu wa Songea lakini aliyajua hayo vizuri sana, tena alikuja kuhani. Aliyaita upuuzi tu.

Siku ya mkaguzi darasa likatolewa nje bustanini. Fagio lilikuwepo, mtungi ulikuwepo, lakini Limi akapewa jembe. Kiburi cha mwalimu hicho, hakuna jina lingine! Akamwomba mwalimu kwa sauti ya chini ampe kazi nyingine yoyote. Mwalimu akakataa, mbele ya mgeni angerudi vipi nyuma? Akamwambia achague, jembe au nyumbani.

Limi akaweka mikono nyuma.

Basi Athanas akavua koti, akalima mwenyewe, jasho linamtoka, anapaza sauti, "I am digging!" Kisha akaliuliza darasa anafanya nini.  Hata Januari, mwanafunzi ambaye mdomo wake haukuwa na breki, aliinamisha kichwa. Mkaguzi akamgeukia Limi, akamuuliza kwa upole swali lile lile. Nafasi ya bweni ilikuwa ndani ya jibu, na Limi alijua.

"He is digging, sir," akasema. "We are mourning."

Yeye analima, sisi tunaomboleza. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kiingereza kilikuwa safi. Akaashiria jembe, Limi naye alipige ardhini mara moja tu, mambo yaishe.

"Mikono mitupu hiyo," mwalimu akadakia. "Kuomboleza kwenyewe kuko wapi?"

"Ndiko huku, mwalimu," Limi akajibu kwa Kiswahili, akiinua viganja vyake wavione wote wawili. "Leo sishiki."

Akageuka, akashika njia ya nyumbani bila kuomba ruhusa. Bweni limekwenda, alijua, na lilimuuma mpaka machozi yakamtoka. Mwalimu alikuwa akiita majina, moja baada ya jingine, kwa hasira. Limi hakugeuka nyuma mpaka alipofika barabarani, na alipogeuka aliwaona wanakuja, darasa zima, na Januari mbele.